Kleist Sykes: Askari, Karani na Mwandishi wa Habari Zake

Sisi tukaao mpakani, Tunduma na Mbozi, twajua ya kuwa Vita Kuu ya kwanza ilipita milangoni petu. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yalivuka mpaka kutoka Fife na Karonga, yakaingia nchi ya Wadachi. Tena mwanzoni mwa Novemba 1918 jemadari von Lettow-Vorbeck alipita huku na masalio ya jeshi lake, akaishambulia Fife, asiiweze, akashika njia ya Kasama. Huko ndiko ilikomfikia habari ya kwamba vita vimekwisha Ulaya. Tarehe 25 Novemba aliweka silaha chini mjini Abercorn, uitwao sasa Mbala. Alikuwa na Wadachi 155 na askari Waafrika 1,168, na pamoja nao wapagazi wengi, wanawake na watoto.

Jemadari alirudi kwao akaandika kitabu, na maofisa wa Kiingereza nao wakaandika vyao. Lakini askari aliyebeba bunduki, na mpagazi aliyebeba mzigo wa askari, ni nani aliyeandika habari zao? Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, na homa ya mafua ya mwaka ule ikawamaliza wengine hata baada ya amani. Waliorudi walisimulia jioni motoni, basi.

Katika wachache walioshika kalamu yumo Kleist Sykes. Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa mtu wa kabila la Wazulu wa upande wa Inhambane katika Msumbiji. Aliletwa pwani na Hermann von Wissmann mwaka 1889, pamoja na askari wengine wa kigeni, kumpiga Abushiri. Basi tazama jambo hili: mtu ambaye baadaye aliwafundisha Watanganyika kujiita Waafrika wa nchi moja alikuwa mtoto wa mgeni, aliyeletwa kuivunja nguvu ya nchi hii. Baba alikufa Kleist akali mdogo, akalelewa na Affande Plantan, mwenziwe baba katika jeshi. Alisoma Kidachi, akajifunza kazi za ukarani, kisha akaingia jeshini akiwa kijana, na vita vilipozuka mwaka 1914 alipigana chini ya Lettow-Vorbeck.

Wadachi waliposhindwa, Kleist akapata kazi ya ukarani katika reli ya serikali ya Kiingereza. Wako watu wamwitao kigeugeu kwa ajili hiyo. Sisi hatuoni hivyo. Wenye nchi hawakuulizwa kama wamtaka Mdachi au Mwingereza. Mtu mwenye akili alichukua elimu kwa mkono wa yeyote aliyekuwa nayo, na la kuangaliwa ni alilolifanya nayo.

Mwaka 1924 alifika Tanganyika Dakta James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, katika tume ya Phelps-Stokes iliyokuja kutazama mambo ya elimu. Kleist alionana naye, na mazungumzo yale yakamkaa moyoni: Waafrika wajitengenezee chama chao wenyewe. Miaka mitano ikapita. Mwaka 1929 chama kikaanzishwa Dar es Salaam, African Association. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu, Cecil Matola, na Kleist akawa katibu. Miongoni mwa waasisi walikuwamo Mzee bin Sudi, Raikes Kusi na Rawson Watts, maana yake Waislamu na Wakristo waliketi meza moja. Mwaka 1933 Kleist alikuwa pia katika walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, ili watoto wa Kiislamu wapate shule.

Tusidhani kwamba chama kile kilikuwa na kishindo. Kilikuwa chama cha makarani, walimu na wafanya biashara wa mjini, na mkulima wa Unyiha hakukisikia kwa miaka mingi. Mabishano ya vyeo hayakukosekana. Kazi yake kubwa ilikuwa barua, madaftari ya mikutano, na kuchanga fedha. Tena wanachama wakajenga kwa nguvu zao nyumba ya chama pale New Street, mtaa uitwao leo Lumumba. Kazi kama hizi hazipigiwi ngoma. Lakini ndani ya nyumba ile ile, tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa TANU.

Kleist hakuiona siku hiyo. Alikufa mwaka 1949. Mwanawe Abdulwahid, aliyezaliwa 1924, alikwenda vita vya pili katika King's African Rifles, akafika Burma, kama vile baba yake alivyopigana katika vita vya kwanza. Aliporudi akashika uongozi wa chama. Mwezi wa Aprili 1953 kura zilimpa Julius Nyerere urais, na Abdulwahid akaendelea kufanya kazi pamoja naye. Alifariki mwaka 1968.

Kabla ya kufa kwake Kleist alikuwa ameandika habari za maisha yake, na karatasi zile zikatunzwa nyumbani. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia kuandika insha juu ya babu yake, ikapigwa chapa mwaka 1973 katika kitabu kilichotengenezwa na John Iliffe, mwalimu wa historia. Humo tunamkuta Sykes Mbuwane, tunamkuta Plantan na Aggrey. Majina ya wapagazi wa huku kwetu hayamo, wala haikuwa kazi yake kuyaandika. Hayo yangali vinywani mwa wajukuu wao, Mbozi, Ileje na Momba, na wajukuu wenyewe sasa ni wazee.