Kasoro za mwili za tunutu wa vunjajungu

Kasoro za mwili za tunutu wa vunjajungu ni maumbo yasiyo ya kawaida yanayoonekana kwa vunjajungu wachanga (oda Mantodea), hasa wale wanaolelewa ndani ya makopo au vizimba. Nyingi hazirithiwi, bali hutokana na kuambua vibaya. Jina "vunjajungu" linahusiana na imani kwamba mtu akimgusa mdudu huyu atavunja chombo atakachoshika baadaye.

Kuambua

Jike hutaga mayai ndani ya povu linalokauka kuwa kifuko kigumu kwenye tawi, jiwe au ukuta. Tunutu hutoka wengi kwa pamoja, bila mabawa. Huambua mara kadhaa, kwa kawaida 5 hadi 10, kabla ya kupevuka. Kila mara tunutu hujining'iniza kichwa chini, ngozi ya zamani hupasuka mgongoni na mwili mpya, ambao ni laini, huteleza nje. Umbo ambalo mwili unalo unapokauka ndilo linalobaki mpaka kuambua kunakofuata.

Sababu

Hewa ikiwa kavu mno, ngozi hunata miguuni. Nafasi ikiwa fupi, au tunutu akianguka au akisumbuliwa, miguu hukauka ikiwa imepinda. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, miji ya Mbeya na Iringa ipo kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,500. Kiangazi huko huchukua takriban Mei hadi Oktoba, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali. Baridi hupunguza kasi ya ukuaji, na ukavu huongeza hatari wakati wa kuambua.

Aina za kasoro

- Miguu iliyopinda: huweza kunyooka katika kuambua kunakofuata.
- Mguu mdogo kuliko mwenzake: ni mguu uliokatika na kuota upya. Wayo wake mara nyingi huwa na pingili 4 badala ya 5.
- Mabawa yaliyokunjamana: hutokea katika kuambua kwa mwisho, kwa hiyo hayaponi.
- Fumbatio lililovimba isivyo kawaida: pengine ni dalili ya minyoo myembamba kama nywele (faila Nematomorpha) inayoishi ndani ya mwili.

Hali zisizo kasoro

Nukta nyeusi inayoonekana kumfuata mtazamaji ndani ya jicho si ugonjwa. Hutokana na muundo wa macho yenye vijicho vingi. Macho kuwa meusi usiku ni kawaida pia. Tunutu wachanga wa spishi nyingi hufanana na sisimizi, na rangi huweza kubadilika kutoka kijani kuwa kahawia.

Matunzo

Chombo kinafaa kuwa na kimo cha angalau mara tatu ya urefu wa tunutu, na sehemu ya juu yenye kushikika, kama chandarua. Maji hunyunyizwa kidogo bila kuzuia hewa kupita. Tunutu akiacha kula kabla ya kuambua, mawindo huondolewa, kwa sababu nyenje huweza kumtafuna akiwa laini. Kuvuta ngozi iliyonata kwa nguvu hung'oa miguu. Kuilainisha kwa maji ni salama zaidi. Vunjajungu mwenye mabawa yaliyoharibika hawezi kuruka vizuri, lakini akiweza kukamata mawindo huendelea kuishi.