Jinsia ya mpapai: swali lililowasumbua hata wataalamu

Kuanzia Usa River hadi Kikatiti swali ni lile lile: hii miche ya mipapai ni dume au jike? Utaambiwa mbegu nyeusi ni jike, au mzizi ulionyooka ni dume. Usitoe pesa kwa maneno hayo.

Mpapai una jozi 9 za kromosomu, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi ndani ya kila seli. Kwa binadamu, kromosomu Y ya mwanamume ni fupi na huonekana kwa darubini. Za mpapai zote zilionekana za kawaida tu. Kwa hiyo Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, kila mmoja kivyake, walichavusha maua, wakapanda mbegu, wakahesabu mimea ilipotoa maua. Majibu yao yalitoka mwaka 1938. Jike likichavushwa na dume, nusu ya miche ni madume. Lakini mpapai wenye jinsia mbili ukijichavusha, katika miche 3, miwili huwa ya jinsia mbili na mmoja jike. Dume hakuna! Mbegu zinazorithi Y pande zote mbili hufa mapema.

Y yenyewe ilitambuliwa mwaka 2004. Ray Ming na wenzake walichora ramani ya alama za DNA. Kwa kawaida alama hutengana vizazi vikipita, kwa kuwa kromosomu hubadilishana vipande. Sehemu moja, kama asilimia 10 ya kromosomu, alama zake hazikutengana, na jinsia ilifuatana nazo. Utafiti wa 2015 ukakadiria kuwa Y ya jinsia mbili ilitokana na ya dume miaka kama 4,000 iliyopita, Amerika ya Kati, mikononi mwa wakulima.

Ukitaka mbegu zako, chagua mpapai wa jinsia mbili (matunda yake ni marefu, ya jike ni ya mviringo). Funika ua kwa mfuko kabla halijafunguka. Usichukue kwenye chotara, matunda yatatofautiana sana. Panda miche 3 kila shimo: kwa wastani, katika mashimo 27, moja tu litakuwa na majike matupu. Maua yakitoka, bakiza mmoja wa jinsia mbili, mingine ing'oe.

Na ukinunua miche, muulize muuzaji mbegu zilitoka kwenye tunda la umbo gani, na kama ua lilifunikwa.