Pafu la Mfalme

Ukikulia Nyeri, utasimuliwa stori ya Treetops mpaka uichoke. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952, Elizabeth alilala kwenye hoteli hiyo iliyojengwa juu ya mti, msituni Aberdare, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Kulipokucha alikuwa malkia, na hakujua. Habari zilimfikia alasiri akiwa Sagana Lodge, upande wa Kiganjo: baba yake, Mfalme George VI, amefariki usingizini akiwa na miaka 56.

Walimu wetu waliishia hapo. Habari za pafu hatukuambiwa.

Mfalme alikuwa mvutaji sugu wa sigara. Septemba 1951 daktari Clement Price Thomas alimfanyia upasuaji ndani ya Buckingham Palace na kuondoa pafu la kushoto. Ilikuwa kansa. Raia waliambiwa tu kwamba pafu lilikuwa na mabadiliko, na mgonjwa mwenyewe hakutajiwa jina la ugonjwa. Kilichomuua mwishowe ni damu kuganda kwenye mshipa wa moyo, na moyo nao huharibiwa na sigara. Cha kuuma ni kwamba mwaka mmoja kabla ya upasuaji huo, Richard Doll na Austin Bradford Hill walikuwa wamechapisha utafiti Uingereza uliohusisha sigara na kansa ya mapafu.

Niliposoma haya nilimkumbuka guka. Alikohoa miezi, tukasema ni baridi ya mlima. Akapewa dawa za TB, maana dalili zinafanana: kikohozi kisichoisha, damu kwenye makohozi, kukonda. Kansa ilipogunduliwa, wazee wa nyumba waliamua asiambiwe. Tuliiita "ule ugonjwa".

Kunyamaza kuna gharama yake, kwa sababu kansa hii hupimwa kwa umbali iliosafiri. Hatua ya kwanza iko ndani ya pafu tu. Ya pili imefika kwenye tezi za pafu hilo. Ya tatu imeingia tezi za katikati ya kifua. Ya nne imevuka hadi ubongo, mifupa au ini. Ikipatikana mapema inaweza kukatwa na mtu akapona. Ikichelewa, mionzi na dawa huipunguza kasi na kutuliza maumivu. Ya guka ilipatikana ikiwa ya nne.

Tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, ukiwasha sigara ndani ya matatu unavunja sheria. Lakini moshi wa jikoni hauna askari. Cucu hajawahi kuvuta, ila amepikia kuni maisha yake yote, na moshi huo pia huleta kansa ya mapafu.

Juzi alikohoa wiki tatu mfululizo, nikampeleka eksirei.

"Wanatafuta nini?" aliniuliza tukiwa kwenye foleni.

Nilitaka kusema ni kifua tu. "TB, cucu. Au kansa."

Alinyamaza kidogo, akajifunga leso vizuri. "Afadhali umesema," akaniambia. "Guka wako alijua tunamficha."