Padre Nikodemos Sarikas, Mgiriki wa Moshi, na Njia Imani Yetu Iliyopitia

Liko swali ambalo watoto wa mafundisho huku Karagwe na Kyerwa huuliza mara kwa mara: Je, Kanisa la Orthodoksi ni la Wagiriki? Wameona herufi za Kigiriki juu ya picha takatifu, wamesikia maneno ya Kigiriki yakiimbwa katika Liturjia, nao hudhani kwamba Wazungu wa taifa hilo walikuja kwetu kama wamisionari wa mataifa mengine walivyokuja, na vitabu, na shule, na fedha. Hata walimu wengine huwajibu hivyo. Lakini habari yenyewe sivyo ilivyo, na katika kitabu cha Yubilei yafaa isimuliwe kwa ukweli wake. Ni habari ya mhamiaji mmoja wa Kigiriki, Arkimandriti Nikodemos Sarikas, na ya Mwafrika mmoja aliyemtafuta.

Wagiriki, ambao Maandiko Matakatifu huwaita Wayunani, walianza kuingia Tanganyika zamani za utawala wa Wajerumani. Wengi wao hawakuwa matajiri. Walikuja kutafuta riziki katika kazi ya reli, wakawa wasimamizi na makandarasi, na reli ilipokwisha walikaa. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Waingereza walipoyauza mashamba ya Wajerumani, Wagiriki wakanunua baadhi yake. Wakalima mkonge upande wa Morogoro na Tanga, na kahawa upande wa Moshi na Arusha. Mahali pao katika nchi palikuwa pa namna ya peke yake. Serikali iliwahesabu kuwa Wazungu, walakini hawakuwa watawala, wala hawakuwa na gavana wa taifa lao wa kuwatetea. Walipojenga kanisa, walilijenga ili wapate mahali pa kuoza wana wao na kuzika wafu wao. Mwafrika aliyefanya kazi shambani mwao hakuitwa kuingia.

Padre Nikodemos alikuja kusini mwa Afrika katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, awe mchungaji wa Wagiriki wa Johannesburg. Moyoni mwake alikuwa na nia ya kuwahubiri Waafrika pia. Waumini wake hawakuipenda nia hiyo. Kwa maoni yao padre alikuwa amekuja kwa ajili yao, na weusi walikuwa na wamisionari wengine wa kutosha. Basi, kabla ya vita ya 1914, akaondoka huko akaja katika nchi hii iliyokuwa bado ya Wajerumani, akakaa upande wa kaskazini, Moshi. Mimi hulitazama tendo hilo kuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Padre wa ugenini hulishwa na watu wa taifa lake. Akiwaudhi, hukosa chakula. Yeye alikubali kuwaudhi.

Hata hivyo tusiikuze habari kupita kiasi. Miaka mingi ya ukaaji wake Tanganyika haikuzaa Kanisa kubwa la Waafrika. Hakuwa na shirika nyuma yake kama walivyokuwa nalo Mapadre Weupe wa Bukoba, wala walimu, wala vitabu vya sala katika lugha zetu. Kama habari ingaliishia hapo, tusingalilijua jina lake.

Lakini ng'ambo ya mto wetu wa Kagera, katika Buganda, palikuwa na kijana aliyezaliwa mwaka 1899, jina lake Reuben Sebbanja Mukasa. Alisoma katika shule za Kianglikana, akatumika katika jeshi la King's African Rifles, naye akajiita Spartas, kwa kuwapenda mashujaa wa mji wa kale wa Sparta. Ni ajabu kwamba alijipa jina la mji wa Kigiriki kabla hajajua lolote juu ya Kanisa la Wagiriki. Akasoma gazeti la Marcus Garvey lililotoka Marekani, na humo akapata habari za Kanisa la Orthodoksi la Waafrika, lililoanzishwa New York mwaka 1921 na watu weusi waliochoka kuketi viti vya nyuma. Mnamo Januari 1929 Spartas akatangaza kwamba ametoka katika Kanisa la Kianglikana, naye aanzisha Kanisa hilo katika Uganda. Hapa siasa na dini zilikuwa kamba moja. Alitaka Kanisa la kale, la Mitume, lisilo chini ya Mwingereza.

Mwaka 1931 akaja kwake Daniel William Alexander, askofu wa Kanisa hilo kutoka Afrika ya Kusini. Mwaka 1932 akawapa daraja la upadre Spartas na ndugu yake wa unikahi, Obadiah Basajjakitalo. Ndipo likatukia jambo dogo lililogeuza mambo yote. Mgiriki mmoja mkaaji wa Kampala, aliposikia kwamba pana askofu wa Orthodoksi mjini, alimwomba ambatize mtoto wake. Akatazama ibada, akaona si ile aliyoizoea. Sisi twajua mtoto wetu huzamishwa majini mara tatu, kisha hupakwa mafuta matakatifu papo hapo. Yule baba aliona ubatizo wa namna ya Kianglikana, akashuku. Akamwambia Spartas wazi kwamba Orthodoksi hii siyo, akampa anwani ya padre aliyeko Moshi.

Fikirini neno hilo lilivyoweza kumchoma. Alikuwa amevumilia dharau miaka mitatu kwa ajili ya Kanisa lake, na sasa mgeni anamwambia kwamba si lenyewe. Mtu mwenye kiburi angalimfukuza. Spartas aliandika barua.

Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba Paulo aliona katika maono mtu wa Makedonia akimsihi avuke bahari. Safari hii aliyeita alikuwa Mwafrika, na aliyeitwa alikuwa mwana wa Wayunani. Padre Nikodemos akaitika, akasafiri mpaka Uganda, akawaona wale waumini. Angaliweza kuwaambia wawe chini yake, au kuwaita wazushi na kurudi zake. Badala yake aliwaelekeza wamwandikie Patriarka wa Aleksandria wenyewe, kwa mikono yao. Kazi yake yote kubwa kwetu ni shauri hilo moja.

Patriarka wa wakati ule alikuwa Meletios II, ambaye kwa siku zake cheo cha kiti cha Marko Mtakatifu kilianza kutajwa kuwa cha Afrika yote, na si cha Misri tu. Mwaka 1933 Spartas akaachana na uongozi wa Alexander, akaliita Kanisa lake la Orthodoksi la Kigiriki la Waafrika. Lakini Meletios akafariki 1935, na jambo likakawia. Mwaka 1942, katikati ya vita, Metropolita Nikolaos wa Axum akatumwa kwenda kuwatazama. Na mwaka 1946 Aleksandria ikawapokea rasmi. Tangu barua ya kwanza ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi. Wale wasemao kwamba Wagiriki walituletea dini kwa haraka ili watutawale, na waihesabu miaka hiyo.

Kupokewa huko hakukumfanya Spartas aache siasa. Baada ya ghasia za Buganda za 1949, Waingereza walimfunga gerezani. Alipotoka akawa mjumbe wa Lukiiko. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa askofu, akaitwa Christophoros wa Nilopolis, akafariki 1982.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Patriarka aliweka jimbo jipya kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika, akaliita Irinoupolis, yaani Mji wa Amani, kwa kufasiri jina la Dar es Salaam. Walakini kwetu Kagera imani haikutoka Dar es Salaam wala kwa Wagiriki wa Moshi, ingawa ni Watanganyika wenzetu. Ilitoka upande wa Uganda, kwa njia zile zile walizozipita babu zetu walipokwenda Buganda kuchuma pamba na kahawa ya watu. Na Bukoba ilipowekewa askofu wake, mwaka 1999, aliyechaguliwa alikuwa Yeronimo Muzeeyi, mwenyeji wa Uganda.

Basi mtoto akiuliza kama Kanisa letu ni la Wagiriki, mwalimu na amwonyeshe ramani: Moshi huku, Kampala kule, na barua iliyokwenda kati yao. Kisha amwambie ni nani aliyeanza kuandika.