Sauti Nyuma ya Pazia

Twataka kueleza habari za mchezo uitwao My Fair Lady, na za mabibi watatu ambao kila mmoja alipata fungu lake na kukosa fungu jingine.

Asili yake ni mchezo wa Bernard Shaw, ulioandikwa kabla ya vita vya 1914. Bwana mmoja mjuzi wa matamshi amchukua Eliza, msichana maskini auzaye maua katika njia za London, na kumfundisha kusema kama mabibi wakubwa. Hata mwaka 1956 mchezo ukatiwa nyimbo, ukachezwa New York mara 2,717. Eliza wa kwanza alikuwa Julie Andrews, Mwingereza wa miaka 20, na sifa zake zikaenea pote.

Kisha Jack Warner, mkuu wa kampuni ya sinema huko Marekani, akainunua haki ya kuupiga picha kwa dola milioni 5 na nusu. Wengi walitazamia kwamba Julie ataitwa. Warner akakataa, kwa kuwa fedha zilizotoka zilikuwa nyingi mno, naye Julie alikuwa hajaonekana katika sinema hata moja. Akamchagua Audrey Hepburn, aliyejulikana sana, kwa ujira wa dola milioni moja.

Tusimhukumu Audrey. Alijifunza nyimbo zile kwa bidii, akitumaini kuziimba mwenyewe. Walakini wakubwa waliona sauti yake haitoshi, wakamleta Marni Nixon aimbe karibu zote. Marni alikwisha kufanya kazi hiyo kwa ajili ya Deborah Kerr, na tena kwa Natalie Wood. Basi picha ilipotoka mwaka 1964, watu waliona kinywa cha Audrey wakasikia sauti ya Marni, na jina la Marni halikuandikwa. Ni ajabu: mchezo wasimulia habari za msichana aliyejipatia sauti, naye aliyemwigiza aliondolewa yake!

Mwaka 1965 picha ile ilipata zawadi 8 ziitwazo Oscar. Audrey hakutajwa hata miongoni mwa walioshindania. Zawadi ya bibi aliyeigiza vema kuliko wote alipewa Julie, kwa picha nyingine, Mary Poppins, aliyoicheza kwa Walt Disney baada ya kukataliwa. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na Marni je? Mwaka uleule alionekana kwa uso wake mwenyewe katika The Sound of Music, akiwa mtawa mmoja katika nyumba ya watawa alimokuwamo Julie. Fungu lake lilikuwa dogo, lakini lilikuwa lake.

Basi nasi, tusifupo wimbo uliotupendeza, tuulize kwanza ni nani aliyeuimba.