Kutoka Kipande cha Shingoni hadi Huduma Namba

Kila unapozuka mjadala kuhusu usalama wa taifa na faragha ya mwananchi katika zama hizi za kidijitali, husikia hoja ileile: asiye na hatia hana cha kuficha. Mimi hurejea kwenye historia ya kipande nchini Kenya, kwani waliolazimishwa kukibeba hawakuwa wahalifu, walikuwa vibarua.

Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukashika kasi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyekuwa mtu mzima alitakiwa kuwa na hati yenye jina lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na ujira wake. Hati hiyo ilitiwa katika kijaluba cha chuma, na wengi walikining'iniza shingoni. Mfanyakazi aliyeondoka kabla mwajiri hajatia sahihi ya kumruhusu alihesabiwa kuwa mtoro, akasakwa na polisi. Mzungu hakudaiwa hati ya namna hiyo. Hivyo, daftari la kuwatambua watu likageuka kamba ya kuwafunga kwenye mashamba ya walowezi.

Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande pamoja na kodi na kupunguzwa kwa ujira. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi. Hesabu rasmi ya waliouawa ilikuwa 21.

Je, dola huru nayo isijue lolote kuhusu raia wake? La hasha. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Serikali isiyowatafuta wauaji wa namna hiyo itakuwa imeuvunja wajibu wake wa kwanza. Wiki chache kabla ya shambulio hilo, Mahakama Kuu ilikuwa imebatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama ya mwaka 2014, lakini ikaviacha vile vilivyoruhusu kunasa mawasiliano ya washukiwa wa ugaidi. Majaji walitambua kwamba faragha ina mipaka, mradi mipaka hiyo iwekwe na sheria na kusimamiwa na mahakama.

Kisha ikaja Huduma Namba. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliipa serikali mamlaka ya kukusanya hata vinasaba na taarifa za mahali mtu anapoishi kwa njia ya setilaiti. Jopo la majaji watatu lilitoa uamuzi tarehe 30 Januari 2020: mambo hayo mawili yalikiuka Ibara ya 31 ya Katiba, inayolinda faragha, na mfumo wenyewe usingeendelea bila kanuni kamili za kuulinda. Mwezi Oktoba 2021, Mahakama Kuu ikabatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikufanywa.

Naona tofauti ya zama hizi mbili haimo katika ubora wa mashine wala wema wa watawala. Mwaka 1922 mlalamikaji alijibiwa kwa bunduki. Mwaka 2020 alisikilizwa na jaji. Hapo ndipo mizani yetu ilipo. Alama ya kidole ni ileile. Kinachobadilika ni nani anaweza kumuuliza mwenye daftari kwa nini amelifungua.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma anayeombwa taarifa za raia na aulize kwanza: ni sheria ipi inayoruhusu, kwa lengo gani, na zitafutwa lini? Maswali hayo hayamlindi gaidi. Yanamzuia mtawala wa kesho asiirithi kamba ambayo sisi tumeisokota leo kwa nia njema.