Vijito vya Ufipa: Kutoka Intumba hadi Kalavati



Kabla ya kuomba mchango wa mwaka huu, tukumbushane tulikotoka. Wazee wetu walilima kwa intumba. Mvua zikielekea ukingoni, walifukia majani chini ya matuta ya duara, yakaoza na kuwa mbolea. Msimu uliofuata waliyatawanya matuta hayo wakapanda ulezi. Nchi yetu ina miti michache na miteremko mingi, lakini matuta yale yalipunguza mbio za maji, udongo ukabaki shambani.

Mabondeni kulikuwa na kambale. Mvua za kwanza zikinyesha, kambale hupanda kijito kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Wengi wetu tuliwavizia hapo utotoni, tukarudi nyumbani na kitoweo.

Kisha zikaja barabara, nasi tunazishukuru. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa 2008, imetufungulia masoko. Lakini kwenye njia zetu za vijijini yapo makalavati yaliyolazwa juu kuliko sakafu ya kijito, tena membamba kuliko maji yake. Maji hubanwa, hutoka kwa kasi na kuanguka. Yanachimba shimo, kingo zinabomoka, korongo linasogea shambani. Kambale akifika hapo hawezi kupanda tena.

Udongo nao hauishii hapo. Unateremka karibu mita 1,000 hadi Ziwa Rukwa, ziwa la kina kifupi lisilo na mto wa kutolea maji. Anachopoteza mkulima wa juu kinakuwa tope kwa mvuvi wa chini.

Dawa yake si ngumu. Kalavati liwe pana kama kijito, na sehemu ya chini ifukiwe ili mchanga na mawe vitulie ndani. Lililokwisha kuning'inia lijengewe ngazi za mawe mdomoni, maji yashuke polepole na samaki apande. Kingoni tupande matete, na tuheshimu mita 60 zinazotajwa na Sheria ya Mazingira ya 2004.

Mawe tunayo, na nguvu za vijana tunazo. Tunachokosa ni saruji, usafiri na fundi. Wazee walitunza udongo kwa jembe la mkono. Sisi tusishindwe kwa kukosa mifuko ya saruji. Karibuni tuchangie, kabla mvua za Novemba hazijatukuta.